Kisiwa, Mzabibu na Chama: Historia ya Wakulima wa Samos

Mwanajiografia Strabo, aliyeandika kwa Kigiriki karibu na mwanzo wa tarehe ya Miladia, alikisifu kisiwa cha Samos kwa kila neema isipokuwa moja. Ardhi yake, alisema, ina rutuba hata watu wakatunga msemo kwamba huko hata ndege hutoa maziwa; lakini mvinyo wake si mzuri, ingawa majirani zake, Chios, Lesbos na Kos, wanatoa mvinyo wa sifa. Miaka elfu moja na mia nane ikapita. Mwaka 1821 mshairi wa Kiingereza, Byron, alichapisha sehemu ya tatu ya utenzi wake mrefu, Don Juan, na ndani yake akatia wimbo wa kuililia Ugiriki iliyokuwa chini ya utawala wa Kituruki. Katika wimbo ule mvinyo wa Samos unatajwa tena na tena, kana kwamba ndio mvinyo wa Kigiriki unaostahiki kutajwa mbele ya dunia.

Baina ya msomi aliyeukataa mvinyo huo na mshairi aliyeufanya alama ya taifa zima, kuna jambo linalotaka maelezo. Ama Strabo alikosea, ama Byron alipamba, ama kisiwa chenyewe kiligeuka. Historia inaelekea kwenye jibu la tatu. Samos aliyoijua Strabo si Samos ya leo: watu wake waliondoka wakaja wengine, na zabibu inayokipa kisiwa jina ilienezwa na hao waliokuja. Jina likishapatikana, likazuka swali jingine, zito zaidi: sifa ya mvinyo ni mali ya nani? Ni ya anayepanda, ya anayeuza, au ya kisiwa kizima? Swali hilo lilijibiwa kwa sheria mwaka 1934, likafunguliwa tena mbele ya mahakama mwaka 2015, na mpaka leo halijafungwa.

Samos iko mashariki ya bahari ya Aegean. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 477 hivi, na umbali wake na bara la Anatolia, mahali mlango bahari ulipo mwembamba kabisa, haufiki kilomita mbili. Mtu akisimama ufukweni upande wa kusini mashariki anaiona miti ya ng'ambo. Kisiwa kina milima miwili mikubwa. Magharibi ni Kerkis, wenye urefu wa mita 1,434, na katikati ni Ampelos, wenye mita 1,150 na ushei. Neno ampelos kwa Kigiriki maana yake ni mzabibu. Si milima mingi duniani iliyopewa jina la mmea unaopandwa juu yake.

Upande wa kaskazini wa mlima huu, juu ya bandari ndogo ya Kokkari, kuna vijiji vya Vourliotes, Manolates na Stavrinides, na hapo ndipo ilipo roho ya kilimo cha Samos. Mteremko ni mkali, na mvua ya masika moja ingetosha kuuburura udongo wote mpaka baharini. Kwa hiyo wakulima wameukata mlima ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikazuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila ya chokaa wala saruji. Wenyewe huziita ngazi hizo pezoules. Nyingine ni nyembamba mno, zinapokea safu mbili tatu tu za mizabibu, na ziko mahali ambapo jembe la kukokotwa halipiti. Kila kitu hufanywa kwa mkono, na mavuno kwa karne nyingi yaliteremshwa kwa nyumbu na punda. Mizabibu hupanda kutoka karibu na usawa wa bahari hadi mita mia nane na zaidi. Chini zabibu huanza kuiva mapema Agosti. Juu, kwenye baridi, mavuno huendelea mpaka mwishoni mwa Septemba na hata baadaye. Basi mlima mmoja una misimu mingi, na zabibu ya juu, ndogo na yenye ukali kidogo ndani ya utamu wake, ndiyo inayothaminiwa zaidi.

Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi juu ya mzabibu wa kwanza wa Samos. Wanasema mfalme Ankaios alipanda shamba kubwa la mizabibu na kuwatumikisha watumwa wake kwa ukatili. Mmoja wao alimtabiria kwamba hatauonja mvinyo wa shamba lile. Zabibu zikaiva, zikakamuliwa, kikombe kikajazwa, na mfalme akamwita mtumwa ili amcheke. Yule mtumwa akajibu kwamba baina ya kikombe na mdomo kuna mengi. Mara ikaja habari kwamba nguruwe mwitu ameingia shambani. Ankaios akakiweka kikombe chini, akatoka kumkabili mnyama, na hakurudi. Mataifa mengi ya Ulaya yamechukua methali kutoka katika kisa hiki, kama wahenga wa pwani walivyoonya kwamba usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Lakini ndani ya hadithi kuna jambo lililo zaidi ya onyo la kutofanya haraka. Mtu atokwaye na jasho shambani siye ashikaye kikombe. Kisiwa kilikuwa bado hakijapata sifa ya mvinyo, na tayari hadithi yake ilikuwa inauliza nani avune faida.

Fahari ya Samos ya zamani ilikuwa kwingine. Katika karne ya 6 kabla ya Miladia, zama za mtawala Polykrates, kisiwa kilikuwa na jeshi la majini lililoogopwa. Mhandisi Eupalinos alilitoboa jabali kwa mfereji wa maji wenye urefu wa mita 1,036, mafundi wakichimba kutoka pande mbili mpaka wakakutana katikati. Huko ndiko alikozaliwa Pythagoras, na hekalu la Hera lilikuwa miongoni mwa makubwa ya ulimwengu wa Wagiriki. Mabaki ya mji ule na hekalu lile yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1992. Mvinyo haukuwemo katika hesabu ya fahari hizo.

Kisha kikaja kipindi cha ukimya. Katika nusu ya pili ya karne ya 15, kwa hofu ya maharamia na vita, wakazi wengi waliondolewa au walihama, na kisiwa kikabaki karibu tupu kwa muda wa karne moja. Matuta yalibomoka, miti ikamea juu ya mashamba. Ni katika karne ya 16 ndipo Dola ya Kiosmania, kwa jitihada za amiri wa majeshi ya majini Kilic Ali Pasha, ilipowaita walowezi Wakristo kuja kukikalia tena, kwa nafuu ya kodi na haki maalumu. Walitoka visiwa vya jirani, bara la Ugiriki na Anatolia. Kijiji cha Vourliotes bado kinahifadhi jina la Vourla, mji wa ng'ambo, na kijiji cha Mytilinii kinaikumbuka Mytilene, mji mkuu wa Lesbos. Hawa ndio waliozijenga upya ngazi za mlima, jiwe juu ya jiwe, na hawa ndio walioeneza zabibu ambayo Strabo hakuijua kisiwani hapo.

Zabibu hiyo ni muskati nyeupe ya punje ndogo. Msomaji wa pwani akilisikia jina hilo huenda akafikiri mara moja mji wa Maskati na majahazi ya Oman. Wengi wa wataalamu wa lugha, hata hivyo, wanaliunganisha na miski, ile harufu njema iliyosafiri kutoka Asia kupitia Kiajemi na Kiarabu hadi lugha za Ulaya, kwa vile zabibu hii, tofauti na nyingi nyingine, inanukia ikingali mtini. Mapema katika karne ya 18 msafiri na mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Joseph Pitton de Tournefort, alifika Samos na kuzisifu muskati zake. Karne moja baadaye, Byron alipoutia mvinyo wa Samos katika wimbo wake, jina lilikuwa limekwisha kuvuka bahari.

Utamu wa mvinyo huu hauongezwi kwa sukari. Unatoka katika zabibu zenyewe, na kuna njia tatu za kuulinda. Ya kwanza ni kutia kileo kikali katika maji ya zabibu kabla hayajaanza kuchachuka, ili sukari yake yote ibaki. Ya pili ni kuacha chachu ifanye kazi kwa muda, kisha kuisimamisha katikati kwa kileo hicho hicho. Ya tatu ni ya kale kuliko zote: zabibu huanikwa juani mpaka zikanyauka na kuwa nusu kavu, zikakamuliwa, na maji yake mazito yakachachuka polepole mpaka chachu yenyewe ikachoka, sukari nyingi ikiwa imebaki. Mvinyo wa namna hii hukaa miaka katika mapipa ya mti wa mwaloni, ukageuka rangi kutoka dhahabu hadi kahawia. Njia zote tatu zinataka vitu ambavyo mkulima wa ngazi tano za mlimani hana: mashinikizo, matangi, mapipa, kileo, ghala, na zaidi ya vyote, muda wa kungoja.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Tangu mwaka 1834 hadi 1912 Samos ilikuwa na hali ya pekee. Ilikuwa na serikali yake ya ndani, bunge lake na bendera yake, chini ya mwana wa mfalme Mkristo aliyeteuliwa na Sultani, na ikilipa ushuru Istanbul. Katika miaka hiyo biashara ilistawi. Vathy ikawa mji wa maghala na nyumba za ghorofa. Karlovasi ikapata viwanda vya ngozi ambavyo magofu yake ya mawe yangali yamesimama ufukweni. Tumbaku ikalimwa na kusindikwa. Mvinyo ulikwenda Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya, na makanisa ya Kikatoliki yakauchagua kwa ibada ya misa. Lakini njia yote kutoka ghala hadi bandari ya mbali ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara. Mkulima alifika mpaka kwenye mizani ya ghala, akaishia hapo.

Zabibu haina subira. Nafaka hutiwa ghalani, nazi hukaa chini ya mnazi, hata karafuu ikishakauka humngoja mnunuzi. Zabibu iliyokatwa huanza kuharibika baada ya siku moja mbili. Mwenye mashinikizo analijua hilo, na mwenye kikapu analijua vilevile. Bei inapotajwa siku ya mavuno, anayeweza kungoja ni mmoja tu kati ya wawili hao. Katika miaka ya 1890 mdudu filoksera, aliyekwisha kuangamiza mashamba ya Ufaransa, alifika Samos akaila mizizi ya mizabibu. Ilibidi kung'oa na kupanda upya kwa kuunganisha vikonyo vya muskati juu ya mashina ya asili ya Marekani ambayo mdudu huyo hayawezi. Gharama ilikuwa kubwa, na mashamba mapya yalichukua miaka kabla ya kuzaa. Mwaka 1912 kisiwa kilitangaza kujiunga na Ugiriki. Mwaka 1922 vita vya Anatolia vikawaleta wakimbizi kwa maelfu kupitia mlango bahari ule mwembamba. Kisha, tangu mwaka 1929, mdororo wa uchumi wa dunia ukaziangusha bei za mazao kila mahali. Mkulima wa Samos akawa na shamba dogo, familia kubwa, na mnunuzi asiye na haraka.

Ugiriki ilikuwa na sheria ya vyama vya ushirika tangu mwaka 1915, na vijiji vya Samos vilikuwa vimeonja ushirika wa hiari. Udhaifu wake ulionekana upesi. Chama kikishikilia bei, mfanyabiashara humwendea asiye mwanachama, au humpa mwanachama mwenye shida senti chache zaidi kwa siku moja, na umoja wote ukamwagika kama maji ya kifuu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole tisa navyo vinaweza kushindwa, ikiwa cha kumi kimekodiwa na upande wa pili. Kwa sababu hiyo sheria ya Ugiriki nambari 6085 ya mwaka 1934 ilichukua hatua isiyo ya kawaida. Iliunda chama kikuu kimoja cha vyama vya wakulima wa mizabibu wa Samos, na ikamlazimisha kila mwenye mzabibu kisiwani kuwa mwanachama na kukiletea chama zabibu zake zote. Miaka minne baadaye, mwaka 1938, wakulima wa utomvu wa mastiki wa kisiwa jirani cha Chios nao walipata chama cha namna hiyo.

Mwaka huo wa 1934 una mwangwi wake Zanzibar. Huko nako bei ilikuwa imeanguka, huko nako wakulima walikuwa wamezama katika madeni, na huko nako serikali ilitoa sheria zilizokipa nguvu mpya Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoanzishwa mwaka 1927. Mwaka 1937 sheria nyingine ikakipa chama hicho udhibiti wa biashara ya karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, Bara Hindi ikawaunga mkono, na suluhu haikupatikana mpaka mwaka 1938. Hali zilifanana, lakini vyombo havikufanana. Chama cha Zanzibar kilikuwa na jina la wakulima ilhali hatamu zake zilishikwa na maofisa wa serikali ya kikoloni. Cha Samos kililazimishwa na dola, lakini ndani yake kila kijiji kilikuwa na chama chake cha msingi, na vyama hivyo vya vijiji, vipatavyo 25, ndivyo vilivyochagua uongozi wa chama kikuu. Kulazimishwa kuingia ni jambo moja. Kunyimwa sauti baada ya kuingia ni jambo la pili. Anayetaka kuhukumu ushirika wa zama zile hana budi kuyatenga mambo haya mawili.

Chama hakikupata nafasi ya kupumua. Mwaka 1941 Waitalia walikikalia kisiwa, na njaa ikaingia. Novemba 1943 ndege za Kijerumani ziliishambulia miji ya Samos, na watu kwa maelfu wakapanda mashua kuvuka kwenda Anatolia, wakiufuata kinyume mlango bahari ule ule ambao wakimbizi wa mwaka 1922 walikuwa wameuvuka kuja. Kutoka Uturuki walipelekwa Syria, Palestina na Misri, na baadhi ya wakimbizi wa visiwa vya Aegean wa miaka hiyo walifika mpaka Kongo ya Wabelgiji. Waliorudi baada ya vita walikuta kuta zimebomoka na mizabibu haijapogolewa. Wengi walihama tena, safari hii kwa hiari au kwa nusu ya hiari, kwenda Australia, Marekani na Athens.

Ni katika miongo iliyofuata ndipo chama kilipoonyesha kilichoundiwa. Viwanda vyake viwili, kimoja Malagari karibu na Vathy na kingine Karlovasi, vilipokea zabibu za kisiwa chote. Mkulima alifika na mavuno yake, yakapimwa uzito na kiwango cha sukari, naye akaondoka akijua kwamba hayatakataliwa. Mwenye ngazi tatu juu ya Manolates alipata mnunuzi sawa na mwenye shamba tambarare. Mvinyo uliweza kuzeeka ghalani kwa miaka, jambo ambalo hakuna familia moja ingeliweza kulingoja. Sehemu kubwa ya mvinyo iliuzwa nje, Ufaransa ikiwa soko kubwa kuliko yote, na jina lililoandikwa juu ya chupa lilikuwa la kisiwa. Wanachama wamefika maelfu. Hata baada ya vijana wengi kuhama, hesabu yao ilikuwa bado zaidi ya 2,000. Mwaka 2005 chama kilifungua makumbusho ya mvinyo Malagari, katika jengo la mawe la zamani, ambamo mapipa makubwa, mashinikizo na zana za mafundi wa mapipa zimewekwa ili watoto wa wakulima wazione kazi za babu zao.

Hata hivyo, kila kivuli cha mti kina mahali ambapo jua halifiki. Kwa vile chama kilikuwa mnunuzi wa pekee, mkulima aliyeona kwamba zabibu zake ni bora kuliko za jirani hakuwa na pengine pa kuzipeleka. Muskati ya mlima wa juu iliyotunzwa kwa uangalifu iliweza kuchanganywa na ya bonde iliyomwagiliwa maji mengi. Tena ladha za dunia ziligeuka. Watu walianza kunywa mvinyo mtamu kidogo na mvinyo mkavu kwa wingi, na baadhi ya wakulima wakatamani kujaribu njia nyingine: kutengeneza mvinyo wao wenyewe, kutoka ngazi zao wenyewe, na kuandika jina la kijiji chao juu ya chupa. Sheria ya mwaka 1934 iliwaambia kwamba hawaruhusiwi. Chombo kilichoundwa ili mkulima asiwe mateka wa mnunuzi mmoja kilikuwa sasa, machoni mwao, ndicho mnunuzi huyo mmoja.

Wakulima wawili waliotaka kujitoa walikataliwa, wakalipeleka shauri lao mahakama baada ya mahakama, mpaka likafika katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg. Serikali ya Ugiriki ilitetea sheria yake kwa hoja ambazo mtu wa mwaka 1934 angezitambua: kulinda ubora wa mvinyo wa pekee na kuwahakikishia wakulima pato lao. Tarehe 3 Desemba 2015 Mahakama ilitoa hukumu. Iliona kwamba uhuru wa kujiunga na chama ni pamoja na uhuru wa kutojiunga, na kwamba kumlazimisha kila mkulima kubaki mwanachama kumevunja kifungu cha 11 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Njia ilikuwa imefunguliwa kwa watengenezaji binafsi. Wachache wao walikuwa wamekwisha kuanza, na katika miaka iliyofuata viwanda vidogo zaidi vikachipuka, vikitoa mvinyo mkavu na mtamu kutoka mashamba ya juu.

Ni rahisi kuisoma hukumu ile kama ushindi wa haki dhidi ya kilichopitwa na wakati, na ni rahisi vilevile kuisoma kama pigo la ubinafsi dhidi ya umoja. Masomo yote mawili yana upungufu. Sheria ya mwaka 1934 haikuzuka kwa kupenda kulazimisha. Ilizuka kwa sababu hiari ilikuwa imejaribiwa ikashindwa. Na waliodai kutoka hawakuutia doa umoja; walidai kwamba chama kinachomlinda mkulima kiweze kumwonyesha faida yake bila ya kumfungia mlango. Umoja wa kweli unapimwa pale mtu anapoweza kuondoka, na akachagua kubaki.

Wakati watu wakishindana juu ya chama, mlima wenyewe ulikuwa na hesabu yake. Julai 2000 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya misitu na mashamba ya Samos. Utalii umewavuta vijana kutoka mlimani kwenda pwani, ambako msimu mmoja wa hoteli unaleta fedha ambayo ngazi ya mizabibu haileti. Kuanzia mwaka 2015 mlango bahari ule mwembamba ulijaa tena mashua za wakimbizi, safari hii kutoka Syria, Afghanistan na kwingineko, na kisiwa cha watu wapatao 33,000 kikajikuta na kambi iliyofurika kando ya mji wa Vathy. Tarehe 30 Oktoba 2020 tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.0, lililoanzia chini ya bahari kaskazini ya kisiwa, liliua zaidi ya watu mia moja ng'ambo, katika mji wa İzmir, na vijana wawili Vathy, na likabomoa nyumba na makanisa Karlovasi.

Mwaka 2018 UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi usioshikika ufundi wa kujenga kuta za mawe makavu, kwa ombi la pamoja la nchi nane, Ugiriki ikiwamo. Heshima hiyo ni ya ujuzi na si ya ukuta, nayo ni tofauti yenye maana. Ukuta wa mawe makavu haumaliziki kujengwa. Mvua huusukuma, mizizi huupasua, mbuzi huangusha jiwe la juu, na jiwe moja likianguka bila ya kurudishwa, la pili hulifuata. Fundi hulichagua kila jiwe kwa mkono, akaligeuza mpaka likalalia mawili yaliyo chini yake, na kuacha nafasi ndogo za maji kupita. Ukuta unaoziba maji yote hupasuka, na unaoyaachia yote haushiki udongo.

Zaidi ya hayo, ngazi za mlima zimefungamana. Mwenye shamba la juu akiliacha, maji hujikusanya nyuma ya ukuta wake mpaka ukatumbuka, na mawe na udongo vinamwangukia wa chini yake, hata kama huyo wa chini ni mkulima hodari kuliko wote kijijini. Kutokana na umbo la mlima hakuna mwenye ngazi anayeweza kusema kwamba shamba lake ni lake peke yake. Ujirani wa namna hii haukuletwa na sheria ya mwaka 1934, wala hukumu ya mwaka 2015 haikuweza kuufuta.

Leo mkulima wa Vourliotes ana uhuru ambao babu yake hakuwa nao. Anaweza kuzipeleka zabibu zake chama, anaweza kumuuzia mtengenezaji mdogo, anaweza kukamua mwenyewe. Mvinyo unaobeba jina la chama na ule unaobeba majina mapya unatoka kwenye mlima mmoja, na wote wawili unaishi kwa sifa iliyojengwa na watu ambao hawakuandika majina yao juu ya chupa. Swali lililobaki haliko tena mahakamani. Kila baada ya masika, maji yakishapungua, mtu huinuka asubuhi akapanda kutazama kuta zake, na akiona jiwe limeanguka kwenye ngazi ya jirani aliyehamia Athens au Melbourne, hana budi kuamua kama atalirudisha.